Herufi A Ilipohamia Kidole cha Shahada

Wiki iliyopita msichana wa jirani, yule anayesoma chuo, alikuja nimsaidie kuchagua kibodi. Alinionyesha picha kwenye simu. Nyingine zinawaka taa za rangi kama duka la Krismasi, nyingine zimekatwa katikati, nusu ya mkono huu na nusu ya mkono ule. Akasema, "Kukhu, wewe ulipiga taipu miaka mingi. Chagua." Kukhu ndivyo tunavyowaita nyanya kwetu.

Nikamwambia, "Weka simu chini kwanza. Nionyeshe mikono yako."

Akacheka. Lakini mimi sikuwa natania, na nyinyi vijana mnaosoma hapa nawaomba muangalie mikono yenu pia kabla hamjanunua chochote. Kidole kipi kina nguvu? Kipi kinachoka mapema? Halafu jiulizeni mnaandika lugha gani kila siku. Mimi mambo hayo mawili niliyajua kwa njia ngumu, na nilipoyajua, bana, hakuna aliyenishika tena.

Jina langu ni Rosa Nafula. Nilianza kazi Kitale miaka ya themanini, katika ofisi ya chama cha wakulima wa mahindi na maziwa. Tulikuwa mataipisti wawili wadogo chini ya taipisti mkuu. Mwenzangu aliitwa Wanjiru, mtoto wa familia iliyohamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, msichana mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Katibu wa chama, aliyekuwa mkubwa wetu, alikuwa Bwana Kamau. Alikuwa mtu wa haki, lakini karatasi chafu ilimuuma kama jino.

Taipraita za siku zile zilikuwa za chuma tupu. Kitufe hukibembelezi, unakigonga na kukiachilia mara moja, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kila kitufe kinarusha mkono mwembamba wa chuma wenye herufi kichwani, nao unapiga utepe wa wino. Sasa weka karatasi tano na kaboni katikati yake, maana kila kamati ilitaka nakala yake. Kidole chenye nguvu kitafika mpaka nakala ya tano. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kitafika ya tatu, kisha kitaanza kunong'ona. Na hebu tazameni kibodi iliyo mbele yenu: ni herufi gani imewekwa chini ya hicho kidole kidogo cha kushoto?

Ni A.

Kwa Mwingereza labda si neno. Kwetu sisi ni balaa. Andika "wakulima wanatakiwa kuhakikisha" uone hicho kidole kitaomba likizo saa ngapi. Bwana Kamau alikuwa akiinua nakala ya mwisho dirishani na kuuliza, "Nafula, hizi A zako huwa zinaenda wapi?" Nilikuwa nikijibu kwamba zimetangulia. Wanjiru alikuwa na tatizo lile lile, ila yeye aliwahi kukimbilia chai kabla hajaulizwa.

Basi Jumamosi moja nilikuwa nyumbani kwetu, upande wa Lugulu, nakata nepia, yale majani marefu ya ng'ombe. Panga iliteleza kwenye shina lenye umande. Sikusikia uchungu wala nini, niliona tu majani yamekuwa mekundu. Mama alinifunga leso, tukakimbia hospitali ya misheni, na waliniuguza vizuri sana, Mungu awabariki. Mkono ulipona. Kidole kidogo cha kushoto kikabaki kifupi na kigumu kama kijiti, hakikunji wala hakibonyezi.

Niliporudi kazini nilikaa mbele ya mashine yangu, nikaandika kichwa cha kumbukumbu za mkutano bila kutazama vidole, kama nilivyozoea. Nilipoinua macho nilisoma: "MKUTNO W KMTI Y MIW."

Wanjiru aliniona nimeacha kugonga, akaja nyuma yangu. Hakucheka. Alisema tu, "Si ujaribu na kidole cha pete?"

Nilijaribu. Taabu ni kwamba kidole cha pete kikienda kupiga A, mkono mzima unakifuata, na ukirudi hujui umerudi wapi. Neno moja linatoka sawa, lifuatalo limehama nafasi nzima. Nikawa naandika huku natazama chini, kidole kwa kidole, kama kuku anayedonoa mtama. Taipisti anayetazama vidole vyake ni sawa na mpishi anayepima maji ya ugali kwa kijiko. Atapika, lakini watu watalala njaa.

Bwana Kamau alivumilia mwezi mmoja hivi. Kisha akaniita. Taipisti mkuu alikuwa anaondoka kwenda kuolewa Nakuru, na nafasi yake ingehitaji mtu aliyepita mtihani wa taipu wa Hatua ya Tatu. Mimi ndiye niliyetarajiwa kuufanya.

"Sikufukuzi, Nafula," alisema. "Kuna kazi ya kupokea simu. Sauti yako ni nzuri."

"Bwana Kamau, mimi ni taipisti."

"Najua. Lakini ripoti ya mwaka itaandikwa na nani?"

"Nipe mpaka mtihani."

Alitazama mkono wangu, akaona aibu ya kuutazama, akasema, "Haya. Mpaka mtihani."

Nilirudi kwenye mashine yangu. Sikuwa na wazo lolote. Nilisema tu kwa sababu kunyamaza kungekuwa kukubali.

Aliyeniokoa ni mtu aliyekuwa akija kila mwezi kusafisha mashine zetu, Fundi Masinde wa Bungoma. Karakana yake ilikuwa karibu na stesheni ya reli, na alizunguka ofisi za Bungoma na Kitale na sanduku la bisibisi na chupa ya mafuta. Alikuwa mtu mpole, mweusi wa wino mpaka viwikoni, na kama wengi wetu wa Bungoma, r na l kwake zilikuwa ndugu wa kubadilishana nguo. Alinikuta nadonoa.

"Dada Nafula, hii ni taipu ama ni mchezo wa bao?"

Nilimwonyesha kidole. Akainamia mashine yangu, akagonga A mara kadhaa akiangalia ule mkono wa chuma unavyoruka.

"Kidole hakiwezi kuhama," alisema. "Lakini helufi inaweza."

Sikumwelewa. Akaniambia nije karakana Jumamosi, tena nije na ukurasa mmoja wa Kiswahili niliouandika mwenyewe.

Nilipofika alinipa penseli nyekundu, akaniambia nizungushie kila A. Nilipomaliza, ukurasa ulikuwa kama mtoto mwenye surua. Nikaambiwa nitafute Q. Hakuna. X? Hakuna. Fundi alicheka, akatoa kitambaa juu ya mashine iliyokuwa kwenye rafu.

"Hii ni ya padri mmoja kutoka Kongo. Soma mstari wa juu."

Nilisoma, nikafikiri nimekosea. Mahali pa Q palikuwa na A. Mahali pa W palikuwa na Z. Vijana, mimi nilikuwa nimefundishwa ule mpangilio wa herufi kama nilivyofundishwa amri kumi. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu aliketi mahali akaamua, na kwamba watu wa kwingine waliketi wakaamua tofauti. Nilisimama pale mbele ya mashine ya padri nikahisi kama dari imeinuliwa.

"Nani aliruhusu?" niliuliza.

"Ati aliruhusu? Ni chuma tu na lisasi, dada. Mimi nikichomoa, inatoka. Nikilehemu, inakaa."

Ndivyo ilivyo. Kwenye mashine zile, kila herufi ni kipande kidogo cha chuma kilicholehemiwa kwenye ncha ya mkono wake. Ukikipasha moto kinaachia. Unaweza kukipeleka mkono mwingine, ila lazima kikae sawasawa kabisa, la sivyo A yako itaning'inia chini ya mstari kama soksi.

Bwana Kamau alitupatia mashine kuukuu iliyokuwa imelala stoo ikingoja kutupwa. Mara ya kwanza Fundi aliihamishia A kwenye kitufe cha J, chini ya kidole cha shahada cha kulia, kwa sababu ndicho kidole changu chenye nguvu kuliko vyote. Tulifurahi kama watu waliovumbua moto. Nikaketi, nikaandika "mama."

Kidole kikajikwaa. Nikaandika "hana", "yana", "namna". Kikajikwaa zaidi. Mmeona kosa letu? M, N, H na Y zote ni za kidole kile kile cha kulia. Neno zima lilikuwa linabebwa na mtu mmoja huku wengine tisa wamekaa wakitazama. Nilikuwa polepole kuliko nilipokuwa nikidonoa.

Fundi hakukata tamaa. Alikuna kichwa kwa bisibisi, akasema, "Kulima na ng'ombe wawili, kila mmoja anavuta upande wake. Tuweke A upande ule mwingine." Akaipeleka kwenye kitufe cha F, kidole cha shahada cha kushoto. F, ambayo haiitwi mara nyingi, ikaenda kwa Q, kidole cha pete kiifikie, na Q, ambayo Kiswahili hakiihitaji, ikawekwa pale A ilipokuwa, chini ya kidole changu kilichokufa, ilale salama. Z na X zikabadilishana, ili Z nayo itoke kwenye kidole kile. Herufi tano tu, hakugusa nyingine. Shifti ya kushoto nikajifunza kuisukuma kwa ubavu wa kiganja.

Nikaandika tena. "Mama." M kulia, A kushoto, M kulia, A kushoto. "Kama." "Hakuna." "Kahawa." Vijana, mikono ilikuwa inaitikiana kama waimbaji kanisani! Niliandika "Nakuja nyumbani" nikapiga makofi mwenyewe. Hata kabla ya ajali sikuwahi kuandika Kiswahili kwa raha ile.

Palikuwa na kasoro moja. Mkono wa R na mkono mpya wa A ilikuwa karibu, na nikiharakisha "ra" ilikwama.

"Hiyo si shida," Fundi alisema. "Sisi hapa si tunasema 'la'?"

Tulicheka mpaka wateja wakachungulia. Lakini nilipata dawa yake: R nikaipiga kwa kidole cha kati badala ya cha shahada, na nikaiacha irudi nyumbani kabla sijaita A.

Kujifunza upya kulinitoa jasho. Nawapa siri: ukibadilisha mpangilio wa kibodi, usirudi kwenye ule wa zamani mpaka vidole vimesahau. Mimi nilichanganya siku za kwanza, asubuhi mashine hii, mchana ile, nikawa sijui kuandika kwenye yoyote. Wanjiru ndiye aliyenitoa huko. Alichukua kazi zangu zote za Kiingereza, akaniambia, "Wewe kaa na huyo mgonjwa wako."

Naye alipata chake. Siku moja mashine yake iliishiwa utepe, akaketi kwenye yangu, akaandika barua nzima bila kuinua macho. Ilianza hivi: "Mpendwq Bwqnq, kuhusu mqxiwq." Alipoisoma alipiga kelele, "Hii ni lugha ya wapi?" Tuliibandika ukutani ikakaa muda mrefu.

Miaka ya tisini, nilipokuwa nimeacha ofisi na kufundisha taipu Bungoma, na kompyuta za kwanza zikaja chuoni, nilikuta ndani yake orodha ya mipangilio ya herufi ya kuchagua, bila moto wala risasi. Mmoja ulibuniwa kwa Kiingereza na unasifiwa sana. Irabu zote zimepangwa mstari wa katikati mkono wa kushoto. Niliujaribu kwa hamu. Ni mzuri, sikatai. Lakini A bado iko kwa kidole kidogo cha kushoto! Ndiyo maana nawaambia, mkienda dukani, msijaribu kibodi kwa kugongagonga ovyo. Andikeni barua kwa mama zenu, kwa lugha mnayomwandikia, mstari mrefu. Sikilizeni kidole kipi kinalalamika. Kibodi ngumu sana itawaumiza, laini sana itaandika msichotaka. Na mkiambiwa mpangilio fulani ndio bora duniani, ulizeni: bora kwa lugha gani, na kwa mikono ya nani?

Nirudi kwenye mtihani.

Ulifanyiwa Bungoma, katika ukumbi wa chuo cha biashara. Niliteremka mjini na mashine yangu nimeifunga shuka, nikaikalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya boda, mimi nikitembea kando nikiishikilia, na mwenye baiskeli akilaumu kila shimo kana kwamba amebeba bibi harusi.

Msimamizi alikuwa mama mmoja mrefu, miwani imefungwa kamba shingoni. Alipita akikagua mashine, akafika kwangu, akasimama.

"Hii imetengenezwa wapi?"

"Hapa hapa Bungoma, Madam."

"Mbona Q iko mahali pa A?"

Nilimwonyesha mkono wangu, nikamweleza. Ukumbi wote ukageuka. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Ati amebadilisha herufi," na mwingine akaguna. Yule mama hakuguna. Alifungua kanuni, akasoma kwa utulivu kutoka juu hadi chini.

"Kanuni inasema mtahiniwa anaweza kuja na mashine yake, mradi inafanya kazi. Haisemi herufi zikae wapi." Akavua miwani. "Lakini nisikilize, binti. Ikikwama, sina nyingine kama hiyo ya kukupa. Na muda siongezi."

"Nimekubali, Madam."

Karatasi ya Kiingereza niliifanya kwa uangalifu, sikukimbia. Kisha Kiswahili kikagawiwa. Nilifunua kifungu nikasoma kichwa chake. Kilikuwa kinahusu utengenezaji wa barabara.

Barabara! Fikirieni. Kwenye mashine yangu B ni ya kidole cha shahada cha kushoto. A ni ya kidole hicho hicho. R ndiyo ile inayokwama na A. Katika Kiswahili chote hakuna neno ambalo lingenipata vibaya zaidi, na lilikuwa limejaa ukurasa mzima kama mbegu kwenye shamba.

"Anzeni," msimamizi akasema.

Ukumbi ulilipuka kwa kelele za vyuma. Mimi nilikuwa bado nimeweka mikono hewani. Nilikuwa nafikiria Fundi na ng'ombe wake wawili. B iko mpakani kabisa, katikati ya kibodi. Mkono wa kulia hauko mbali nayo. Kwa nini isivutwe na upande ule? Nikaijaribu polepole: B kwa shahada ya kulia, A kwa shahada ya kushoto, R kwa kidole cha kati, ngoja irudi, A. Ba. Ra. Ba. Ra. Neno likatoka zima, jeusi, limenyooka.

Nikatabasamu peke yangu, nikaondoka.

Barabara ya kwanza niliipita kwa mwendo wa mzee. Ya pili kwa mwendo wa mtu anayewahi kanisani. Kufika katikati ya ukurasa nilikuwa nazisubiri kwa hamu. "Wananchi wa kata zote wanatakiwa kuhakikisha kwamba barabara zinapitika": maneno ambayo yangenizika mwezi uliopita yalikuwa yakimiminika, kulia kushoto, kulia kushoto, na kengele ya mwisho wa mstari ikilia mapema kuliko za majirani. Sikukwama hata mara moja. Niliweka nukta ya mwisho, nikaketi, nikasikiliza wengine bado wanagonga.

Msimamizi alipita kuchukua karatasi. Aliisoma amesimama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo fundi wako, karakana yake ni upande gani?"

Majibu yalifika Kitale wakati wa mavuno. Bwana Kamau alitoka ofisini mwake ameshika bahasha iliyofunguliwa, uso hauonyeshi kitu. Aliketi mbele ya meza yangu, akaifutafuta miwani yake.

"Nafula, weka karatasi ya barua. Nakala tatu. Nitakusomea."

Niliweka. Akaanza, nami nikaanza.

"Kwa Bi. Rosa Nafula."

Mikono ikasimama.

"Si uendelee?" alisema. "Barua ya ofisi haisimami njiani. 'Kufuatia matokeo yako ya mtihani wa Hatua ya Tatu, ambapo umepita Kiingereza na kupata alama za juu kabisa katika Kiswahili, kamati inafurahi kukuteua kuwa Taipisti Mkuu wa chama hiki.'"

Niliiandika yote. Machozi yalinijaa hata karatasi sikuiona, lakini vidole havikuhitaji macho. Niliitoa kwenye mashine, nikamwekea, akaweka sahihi kubwa kuliko kawaida yake, na mhuri juu.

Wanjiru alipiga kigelegele kilichotoka dirishani kikavuka ua mzima. Wakulima waliokuwa wamepanga foleni na mitungi ya maziwa wakaja mbio mlangoni, mzee mmoja mbele akiuliza kama kuna harusi.

"Iko!" Wanjiru alimjibu. "Ingieni nyote, bibi harusi ndiye huyu hapa!"